Kibofu Changu na Udaktari wa Uwanjani

Jumatatu, 13 Oktoba
Leo nimekojoa pilipili. Samahani — lakini nani atasoma? Nakimbilia chooni, natoa matone mawili, narudi nimeuma meno. Na Jumamosi kuna mashindano ya ngoma uwanjani, na mimi, Qiu Guilan, ndiye kinara wa mstari wa mbele! Mwenzangu wa ngoma, Dada Pang, kanipa vidonge vilivyobaki alipoumwa koo. Eti ni dawa ya kutuliza uvimbe, haichagui ugonjwa. Binti yangu Yating kapiga simu: nenda hospitali, Mama! Nikamwambia nitakunywa maji ya moto. Nimekunywa birika zima.

Jumanne, 14 Oktoba
Nafuu! Dawa nimeiacha, nisichoshe ini. Vidonge vilivyobaki nimempa Bi Zhuo wa ghorofa ya chini, goti linamsumbua. Goti! Udaktari umenikolea.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mama weee! Ugonjwa umerudi na hasira zake. Homa, kiuno kinakatika. Yating kanikokota hospitali huku akinigombeza njia nzima. Dokta Lou, kijana mdogo kuliko viatu vyangu, kauliza nimemeza nini.
"Dawa ya uvimbe tu, mwanangu."
"Mama, ile ni antibiotiki. Haitulizi uvimbe, inaua bakteria. Mkigawana nusu dozi, dhaifu wanakufa, sugu wanabaki kuzaana."
Mkojo wangu umepelekwa maabara, wanaotesha hao bakteria wajue dawa gani itawaua. Nimelazwa.

Jumamosi, 18 Oktoba
Majibu yametoka. Bakteria wamepanda hadi figo, na karibu kila dawa wanaicheka. Imebaki moja, ya dripu, tangu asubuhi inaingia. Yating akauliza, isipofanya kazi je? Dokta akaangalia chupa. Naogopa. Naogopa kweli, na hakuna wa kumlaumu ila huyu bingwa anayeandika.

Simu imelia. Ujumbe wa sauti, Dada Pang, muziki nyuma yake: "Mdogo wangu, tunacheza, nimeshika nafasi yako! Na mimi kojo linanichoma, ila usijali, nimeshajitibu."
Nikamwandikia: USIMEZE TENA! NENDA HOSPITALI!
Kanijibu kwa picha ya waridi.

Natetemeka kwa homa, mwandiko umeharibika. Nesi kasoma kipimajoto. Katoka mbio kumwita dokta. Yating kanishika mguu, maana mkono mmoja una sindano na mwingine nauandikia, na hajaniambia niache kuandi—