Sombe ya Hjulsta

Shikamoo Mama,

Tumefika Stockholm salama kutoka Finland. Bei ya kukodi gari ilitushinda, tukaja kwa meli. Baharini Neema alitapika mfululizo, nami nikawa hoi. Mama mmoja Mkongo, aliyetusikia tukiongea, akaniambia, "Leta mutoto, weye upumuzike." Akambeba mgongoni kwa kitenge mpaka tukashuka, kisha akatupeleka kwake Hjulsta kula ugali na sombe, kisamvu chao. Wajukuu zake humjibu kwa Kiswidi tu. Baraka, kaka yake Neema, akanyoosha sahani: "Bibi, naomba uniongezee." Yule mama akamkumbatia, machozi yakamtoka.

Asante kwa kumfundisha Baraka Kiswahili kwenye simu, Mama. Mungu akutunze, tunakupenda mno.

Mwanao, Rehema