Kovu la Mkono wa Kulia

Amu, bwenini
Jumatatu, 12 Mei 2025

Kwa Bibi yangu mpenzi, Siyu,

Assalaam alaikum. Kwanza naliuliza goti lako, kisha nakuuliza wewe mwenyewe, maana najua goti ndilo hutangulia kujibu. Mbuzi wamepona? Mimi ni mzima. Nakula, nasali kwa wakati, na hesabu zimeanza kunielewa.

Bibi, nina mambo mawili, moja la furaha na moja la kuomba ruhusa. La furaha ni kwamba Mwalimu Shifaa amenichagua nitoe hotuba ya wanafunzi siku ya wazazi, tarehe 19 Julai. Kidato cha tatu kizima, akanichagua mimi.

La ruhusa ni uso wangu. Uliponiaga ulinishika kidevu ukanifanya niahidi kwamba sitapaka kitu usoni bila kukwambia. Basi nakwambia. Katika duka la vipodozi karibu na gati kuna bango kubwa la Ghalia, yule mwigizaji wa Nairobi, ambaye ana krimu yenye jina lake. Ngozi yake haina hata doa, kama samli iliyoganda. Chini yake pameandikwa: Jiamini. Ng'ara. Ijumaa tukitoka kutembea, wasichana wote hunyamaza hapo, hata Razan wa kitanda cha pili, ambaye hanyamazi hata akilala. Yeye ana kopo la krimu hiyo na amesema atanigawia.

Mimi husimama mbele ya bango na haya makovu yangu ya tetekuwanga, manane, yote shavu la kushoto. Najiuliza kama siku hiyo watu watasikiliza maneno yangu au watahesabu makovu. Nilimwambia Razan labda nivae ninja, yaonekane macho tu. Akasema, "Na sauti utaivisha nini? Itatetemeka vilevile."

Niruhusu, Bibi. Nataka kufika Julai nikiwa mtu wa kutazamwa.

Jibu mpe Bwana Gharib wa boti. Simu shuleni bado ni marufuku, na yako najua umeifungia kabatini.

Mjukuu wako,
Asmaa

*

Siyu
21 Mei 2025

Kwa mjukuu wangu Asmaa,

Wa alaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Goti linakusalimu, na yeo limeamka vyema kuliko mwenye goti. Mbuzi wamepona na mmoya amezaa. Nakwandikia kwa herufi za Kiarabu kama tulivyozoea, ili huyo Razan akichungulia asione kitu.

Habari ya hotuba nimeisoma mara tatu. Nikatoka nikamwambia jirani. Kisha nikamwambia tena, akasema, "Bi Hindu, umeshaniambia." Nikamwambia, "Basi sikia vyema."

Ama uso. Mimi nimepamba maharusi miaka arubaini, siwezi kukwambia mwanamke asijipambe. Lakini sikia kisa. Nilipokuwa na umri wako baba alileta sabuni kutoka Mombasa, karatasi yake ina picha ya mwigizaji wa sinema. Sabuni nikaitumia, karatasi nikaiweka chini ya mto. Siku nilipotolewa nje bibi arusi, nilimlazimisha somo wangu anipake poda mpaka shingoni, niwe kama yule wa kwenye karatasi. Nikakalishwa juu ya kiti mbele ya wanawake wote. Mama akaingia na sinia ya vikuba vya asumini, akanitazama, akamuuliza somo, "Mmemkalisha nani hapa? Mtoto wangu yuko wapi?" Wale waliokuwapo wanacheka mpaka yeo. Sabuni haikuwa na kosa, ilinisafisha. Kosa ni langu, niliipa kazi isiyokuwa yake.

Sikukatazi na sijakuruhusu. Ngoja likizo fupi, uye nikuone kwa mato yangu. Kwa sasa nakupelekea kijiti cha liwa, ule mti wa kunukia, na ule msio mdogo wa kusagia. Dondosha maji ya waridi juu ya jiwe, sugua kijiti mpaka upate uji mzito, paka, ngoja ukauke, osha. Usitie kitu kingine.

Na ninja ni ya stara, mwanangu. Si ya kufichia tetekuwanga.

Bibi yako

*

Amu
Jumanne, 3 Juni 2025

Bibi,

Salamu. Natumai mko salama. Mimi si salama.

Nilichanganya. Nilisaga liwa juu ya msio kama ulivyosema, kisha nikatia vijiko viwili vya krimu ya Razan. Nilifikiri nikichanganya yako na ya Ghalia hakuna atakayenikasirikia, na uso utapata mara mbili. Nikapaka baada ya alasiri. Kufikia magharibi jicho la kushoto lilikuwa limefumba lenyewe. Sasa ngozi inabanduka kama chokaa ya ukuta. Muuguzi wa shule amesema niache vyote. Mwalimu Shifaa amemwambia Razan ajifunze ile hotuba, endapo mimi sitaweza.

Najua ulisema nisitie kitu kingine. Lakini liwa yako nayo haikuondoa hata kovu moja. Ghalia anaonekana na nchi nzima. Wewe unapamba maharusi ndani ya nyumba, simu zinakusanywa mlangoni, hata picha moja haitoki. Nani amewahi kuuona huo uzuri wako? Labda hujui uzuri wa siku hizi ni nini.

Likizo fupi nitabaki hapa shuleni.

Asmaa

*

Amu
Alhamisi, 10 Julai 2025

Kwa Bibi yangu,

Assalaam alaikum. Sijui kama bado nina haki ya kuliuliza goti, lakini naliuliza.

Siku thelathini na saba hujaniandikia. Kila Ijumaa Bwana Gharib hunipa mkate wa mofa uliofungwa kwa kitambaa chako, na mimi hukikung'uta kitambaa nikitafuta karatasi. Yeye husema tu, "Bibi yako mzima. Ameuliza kama unakula." Barua mbili nilikuandikia nikazichana. Baadaye nilikumbuka kwamba ile ya Juni niliitia jina bila kuandika mjukuu wako. Nilifanya makusudi, Bibi. Ndilo linaloniuma zaidi.

Uso umepona. Makovu bado ni manane.

Sasa nikuulize jambo. Jana tulipotumwa sokoni tulikuta bango la dukani limebadilishwa. Ghalia yuko upande mmoja anacheka, na upande wa pili kuna mikono miwili inasugua liwa juu ya msio. Pameandikwa: Siri ya mabibi wa pwani. Jiamini. Msio una pembe iliyovunjika. Pembe ile niliivunja mimi nikiwa na miaka sita, nilipoutumia kupasulia kungu ukanikimbiza uani. Na kidole gumba kina lile jani la hina unalochora wewe tu. Nikapiga kelele, "Bibi yangu huyo!" Razan akatazama akasema, "Ghalia ni bibi yako? Na ulikuwa unaniomba krimu mimi?" Nikamwambia, "Mikono, wewe! Tazama mikono!"

Halafu nikatafuta kovu. Lile la mkono wa kulia, kutoka kifundo mpaka kidole kidogo, ulipomwagikiwa na maji ya mwarobaini uliyokuwa ukinichemshia nioge, wiki ile ya tetekuwanga. Halipo. Mkono ni laini kama wa msichana. Wamelifuta.

Nilikasirika kuliko siku uso wangu ulipovimba. Niliingia dukani nikamwambia mwenye duka, "Hapa palikuwa na kovu." Akasema, "Mwanangu, mimi nauza tu." Razan akanivuta nje, akaniuliza, "Sasa unalilia kovu?" Ndiyo. Nililililia. Mtu asiyekujua akiona mkono ule atadhani haujawahi kumwogesha mtu. Tulipokuwa tunarudi nilijishika shavu, nikakumbuka kwamba makovu yetu ni ya wiki moja.

Niliandika kwamba hakuna aliyeuona uzuri wako. Nilisema uongo. Mimi nimeuona tangu nizaliwe.

Nimemwambia Mwalimu Shifaa nitasoma mwenyewe. Maji yakiruhusu, njoo tarehe 19.

Mjukuu wako, ukinikubali,
Asmaa

*

Siyu
14 Julai 2025

Kwa mjukuu wangu Asmaa,

Wa alaikumu salaam. Goti lasema lilikungoja. Na nikukubali tena? Kwani nilikukataa lini?

Siku tatu za kwanza nilikuwa na hasira, na hiyo mikate ya mwanzo iliungua, samahani. Hasira ikaisha, nikabaki na haya. Ukweli ni huu. Idi ilipopita, watu wa Nairobi walikuya na kamera kupiga picha huku ngomeni. Wakasikia yuko mpambaji, wakaya mpaka mlangoni, wakautaka uso wangu. Siku nyingine ningewaonyesha ndia ya kurudi. Lakini lile neno lako, nani amewahi kuona, lilikuwa limenikaa masikioni. Nikawaambia, "Uso wangu una wenyewe. Mikono chukueni." Walipoondoka nikajicheka peke yangu. Mimi niliyekwambia ngoja, nimekwenda bangoni kwa kushindana na mjukuu wangu! Ndipo kalamu ikawa nzito.

Huyo Ghalia waliyekuya naye ni mtoto mpole. Jua lilimyeyusha, akaomba kuingia kwangu anawe. Zile rangi zilipotoka nikaona chunusi za kipaji cha uso kama za kila mtu, na mato ya mtu asiyepata usingizi. Alikula mikate mitatu. Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe unajiamini kama linavyosema bango?" Akasema, "Bibi, hilo huandikiwa tu, nami nasema. Mimi hata mlangoni sitoki kabla sijapakwa." Nikampaka liwa, akalala ukumbini saa nzima, wenziwe wanamtafuta mui mzima, mtaa kwa mtaa. Alipoamka akaniuliza, "Ninaonekanaje?" Nikamwambia, "Unaonekana umelala." Alicheka, Asmaa, cheko si lile la kwenye bango. Hakuna aliyempiga picha.

Ya kovu sikuyajua mpaka barua yako. Nimelitazama sasa hivi kwenye taa. Lipo. Halijaenda mahali.

Bwana Gharib asema maji siku hiyo yatatupa nafasi ndogo. Nitakuya, ila nikiitwa botini niondoke, usinune.

Bibi yako

*

Amu
Jumapili, 20 Julai 2025

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Umefika salama? Goti lilivumilia boti? Jana uliitwa botini kabla sijakuaga, nilikuta kitambaa cha mikate tu juu ya kiti, kwa hivyo nakuandikia niliyotaka kukwambia.

Nilipopanda jukwaani nilizitazama nyuso zote. Mkono ukajipeleka wenyewe shavuni. Nilisoma mstari wa kwanza na sauti ikatetemeka, kama Razan alivyotabiri. Kisha nikaiona mikono yako juu ya mapaja, wa kulia juu ya wa kushoto, kovu limetazama jukwaa. Uliiweka hivyo makusudi? Niliposhusha mkono wangu, nikamsikia mama mmoja wa nyuma akiuliza, "Binti wa nani huyu?" Na wewe ukajibu kwa sauti iliyopita kipaza sauti, "Wangu!"

Wazazi walicheka, hata Mwalimu Shifaa. Mimi nilicheka nikiwa na karatasi mkononi. Nilikumbuka mama yako na sinia ya vikuba, nikafikiri, mimi angenitambua. Baada ya hapo sauti haikutetemeka tena. Mwalimu alikuwa amenipa kurasa mbili. Nilisoma moja na nusu, iliyobaki nikaisema kutoka kichwani. Nilieleza habari ya mkono uliofutwa kovu, bila kutaja wa nani. Uliniona nikikutazama.

Razan bado anapaka krimu yake na simlaumu, anasema inamfaa. Lakini juzi Ijumaa baada ya alasiri alikuja kitandani kwangu akasema, "Lete hilo jiwe lenu tujaribu, bila kuchanganya." Wakaja na wengine. Tulikaa sakafuni tisa, tunapokezana msio, nyuso za manjano, tunachekana. Hakuna aliyeng'ara. Bweni linanukia mpaka leo.

Tatizo ni kwamba kijiti cha liwa kimebaki kama penseli ya darasa la kwanza. Mpe Bwana Gharib kingine, na safari hii kiwe kirefu.

Mjukuu wako wa makovu manane,
Asmaa