Chumba cha trela kilikuwa bado nje

Shoga, usiniambie nimsamehe. Soma kwanza.

Nilikuwa napanga koleo za kung'olea meno kama kila asubuhi, mara trela la kliniki yetu ya meno inayohamahama likaanza kutembea. Mimi nimo ndani. Na kile chumba cha pembeni, kinachosukumwa nje tukiegesha na kuingizwa kabla trela halijasogea, bado kiko nje.

Dereva aliambiwa alisogeze kivulini. Hakuingiza chumba, hakuchungulia, hakugonga hata mlango. Chumba kikagonga ukuta, bati likakunjamana kama karatasi.

Sasa sikia. Daktari katoka mbio, dereva anamwambia, "Bi Kimya alisahau kukiingiza." Bi Kimya ndiye mimi, ndivyo anavyoniita. Nilisahau, eti. Alijua nitanyamaza, maana miezi sita ananitania nami nameza tu.

"Ni kweli, binti?" Daktari akauliza. Mwenzangu alifukuzwa kazi kwa kosa dogo kuliko hilo.

Nikasema, "Muulize kama alinigongea mlango."

Dereva akacheka. "Leo bubu kapata sauti."

Shoga, sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Ungeniua, halafu ukanisingizia. Daktari, mimi simsamehe. Nataka aondoke, na ripoti naiandika sasa hivi, akiwa amesimama hapa ananitazama."