Kadi Moja, Sisi Wawili

Kaka Athmani,

Assalamu alaikum. Sijui kama salamu zangu zinakufikia huko uliko, lakini siwezi kuanza bila hizo.

Binamu yetu Mbarak amepiga simu tena kutoka Dubai, pale dukani kwa jirani. Anarudi mwisho wa mwezi, anataka jibu: alete kadi gani ya kompyuta? Hakuuliza kwa ubaya. Wewe ndiye uliyemwagiza, ukamwambia asubiri mpaka mimi na wewe tukubaliane. Hatukukubaliana, ukafa.

Unakumbuka tulivyogombana? Wewe ulitaka kadi ya picha ya kazi, kwa sababu nyumba ulizowachorea watu zilikuwa zikikwama kila ukizizungusha kwenye kioo, na wenyewe wanataka kuziona zimekwisha kabla ya jiwe la kwanza. Mimi nilitaka ya michezo, magari yangu yaache kwenda kwa kushtukashtuka. Mbarak akatueleza kwamba ya michezo ina mbio, ila kwenye ramani zako mistari hupotea na kuta hutoboka. Ya kazi huchora sawasawa, ila magari yatatambaa. Ipo na ya tatu, inayojaribu yote mawili na kuyafanya nusunusu. Na mashine yetu ina nafasi ya kadi moja tu.

Ukaniambia, "Aisha, magari hayatulishi." Nikakujibu kwamba kwa kazi hiyo utazeeka kabla ya Mama. Hukuzeeka.

Sasa nikwambie usilolijua. Tulipokuwa tukibishana sebuleni, Mama alikuwa jikoni akisikia neno moja tu, kadi. Kadi ya picha, inatoka Dubai, bado tunachagua ipi. Akajua mwanawe anaoa. Hapa Timbwani nani huagiza kadi isiyokuwa ya harusi? Akanunua leso za bi harusi, akazificha chini ya godoro, akakaa kungoja umwambie mwenyewe.

Nililijua hilo matangani. Homa haikukupa hata wiki, na watu walijaa mpaka uani. Mama hakulia sana. Alikuwa akiwatazama wasichana mmoja mmoja, na mimi nikadhani amechanganyikiwa. Siku ya hitima akanivuta chumbani: "Mwana wa watu mbona hakuja? Au kwao hawajamwambia?" Sikumwelewa mpaka alipozitoa zile leso.

Nikamwambia kweli. Nikamwambia kadi ni kipande cha kutia ndani ya mashine, picha ziende vizuri. Akazikunja leso, polepole, kisha akasema, "Kumbe mwanangu kaenda hivi hivi. Hana hata wa kumkalia eda."

Tangu siku hiyo hali chakula vizuri, wala hakutaji. Mtu akipiga hodi hainui hata uso. Kaka, nimempokonya mkwe ambaye hakuwepo, na anamlilia kama alikuwepo. Nitamwambia nini? Namkalia tu pale jikoni, naye ananiachia nafasi kwenye mkeka, basi.

Mbarak nimemjibu leo. Nimemwambia alete ya kazi. Hakuna wa kuitumia. Mimi hata mstari sijui kuupiga, na wenye nyumba zao wameshapeleka ramani kwa fundi mwingine. Lakini nilipotaka kusema ya michezo, mdomo ulikataa. Nitacheza, na ni nani atakayenipigia kelele nyuma ya kiti kama wewe?

Umeshinda, Athmani. Maisha yako yote hukuwahi kunishinda kwa ubishi, na sikutaka unishinde hivi.

Nakuahidi Mama sitamwacha peke yake. Kumponya sikuahidi, maana siwezi. Mungu akulaze pema. Kwaheri, kaka yangu. Nyumba imekuwa kimya, na kila ninalosema sasa linapita bila kupingwa.

Aisha