Rebeka wa Ukutani

Ilala, Dar es Salaam

Kwako mdogo wangu Rebeka, huko Ulemo,

Marahaba. Naitikia mapema kwa sababu najua umeniamkia kabla ya kukunjua karatasi. Kama hukuniamkia, iweke chini hii barua, uniamkie kwanza, halafu uendelee. Mimi nangoja.

Haya. Hali yangu nzuri, magoti tu ndiyo yananung'unika. Yona mwanangu yuko bandarini bado, mwili mzima. Mkewe anapika wali kila siku mpaka mtu unasahau kama Mungu aliumba uwele. Wewe je? Kifua kimepoa? Ndege wamekuachia chochote shambani? Na yule ng'ombe mwekundu asiyetaka kukamuliwa, umemwuza au bado mnapigana mateke? Nijibu yote. Usiniandikie tena "sisi wazima" ukaishia hapo kama karani wa Bwana Shauri kule bomani.

Sasa kaa chini, nina habari yako. Yako wewe mwenyewe.

Unakumbuka Naomi, binti wa Yona, alipokuja kwako wakati wa mavuno? Akawa anakaa uani na karatasi zake, ukamfukuza, ukasema msichana mzima hashiki jembe anashika makaa? Basi yale makaa hayakuwa mchezo. Alirudi hapa akakuchora kwa rangi juu ya ubao, mkubwa kama mlango wa banda la mbuzi. Uko na ungo wako, unapepeta, shavu moja limejaa ugoro, mdomo wazi, unamfokea mtu. Na nguo uliyovaa, Rebeka! Ile kaniki iliyotoboka begani. Miaka yote nimekuambia uifanye dekio. Sasa Dar es Salaam nzima imeliona bega lako.

Naam, nzima. Kuna mama mmoja wa Kihindi hapa, tunamwita Mama Shirini. Alizaliwa Singida mjini, baba yake alikuwa na duka la nguo kule, na Kiswahili chake ni chetu kabisa, hata kufoka anafoka kama sisi. Mumewe alipofariki, akaondoa majora ya vitambaa kwenye chumba cha nyuma ya duka, akapaka chokaa, akatundika picha. Si za kanisani wala za Mfalme. Ni picha ambazo watu wamezichora kwa mikono yao. Hakuna serikali humo, hakuna misheni, ni yeye na funguo zake. Jumamosi alasiri anapanga mabenchi, anachemsha chai ya tangawizi, watu wanakuja, na aliyechora anasimama mbele kueleza kazi yake. Wahindi, sisi Waafrika, Wazungu wachache, wote benchi moja, na chai ni bure. Ndiyo maana nilikwenda mara ya kwanza, sikufichi.

Siku hiyo alikuwa anaongea kijana mmoja mwenye ubao wa njano na kijani, ndani hakuna mtu, hakuna mnyama. Nikanyoosha mkono. "Mwanangu, hiki ni nini?" Akasema, "Ni huzuni, bibi." Nikamwambia, "Mimi nimezika mume na watoto, na huzuni sijaiona ikiwa na rangi ya embe bichi. Nenda nyumbani ukale ushibe." Watu wakacheka, naye akacheka, tena ndiye aliyeniletea chai. Safari nyingine akaja mchonga vinyago, akakataa kusema neno, akachonga tu mpaka birika likakauka. Huyo nilimpenda.

Basi Jumamosi ya Naomi ikafika. Nikaingia, nikakuona ukutani. Rebeka, nilisimama kama gogo, mpaka Mama Shirini akanishika mkono.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi. Nangoja aniamkie."

Mazoea tu! Tangu uanze kusema, hujawahi kunitazama usoni ukanyamaza.

Naomi alikuwa anaunyoosha ubao wako kila mara, na haukupinda. Baba yake alishamwambia kwamba asipouza hata picha moja mwaka huu, rangi zote zifungiwe sandukuni, abaki na kufundisha watoto shuleni, basi. Na watu wakaanza kuingia. Wanapita mbele yako, wanakukodolea macho, wanainamisha vichwa huku na huku, "rangi hii", "mkono ule", wanakwenda zao. Hakuna hata mmoja aliyekusalimu! Karani mmoja wa forodhani, na tai yake shingoni, akakunyooshea kidole puani. Hapo damu ikanipanda.

"Wewe! Kwenu hamna wazee? Unampita mtu mzima kama kisiki?"

"Lakini bibi, hii ni picha."

"Ni mdogo wangu. Msalimie."

Naomi akafunika uso kwa viganja. Karani akatazama kulia, akatazama kushoto, akavua kofia. "Shikamoo, bibi." Nikaitikia mimi badala yako: "Marahaba, mwanangu. Wa kwenu hawajambo?" Basi ikawa hivyo. Kila aliyeingia alisimama mbele yako, akakuamkia, nami nikaitikia. Yule kijana wa huzuni ndiye aliyekuwa anawapanga mstari. "Mwingine! Bibi anangoja!" Naomi akaanza kucheka, na alipocheka ulimi ukafunguka, akawaeleza habari zako zote: ungo, uwele, ng'ombe, na jinsi ulivyomrushia kata ya maji kwa sababu ya makaa. Chumba kizima kilikuwa kinakupenda.

Akatokea nesi mmoja Mwingereza, mwembamba kama mpini wa jembe, akataka kukununua. Naomi akanigeukia. "Bibi, ni mdogo wako. Ukikataa, siuzi." Nikakataa. Nikasema mtu hauzi ndugu yake. Tukarudi nyumbani. Mtoto hakulia wala hakunilaumu. Aliosha brashi zake, akaziviringisha kwenye kitambaa, akaziweka juu ya kabati. Afadhali angenipigia kelele.

Nesi akarudi Jumamosi iliyofuata. Bei hakuitaja. Alisimama mbele yako akasema, "Shikamoo, bibi Rebeka," bila kufokewa na mtu. Akaniuliza kifua chako kinakohoa kikavu au kwa makohozi. Na Jumamosi nyingine hivyohivyo. Mimi, nikuambie ukweli, sikukosa hata moja. Nilikuwa nakaa benchi la mbele na chai yangu, nakusimulia habari za mtaa. Siku moja akanikuta nikifanya hivyo, akaketi kando yangu. Akasema alikuwa na dada, mdomo wake kama huo wako, anafoka hata akiwa na furaha. Alifariki wakati wa vita, nyumba iliangukiwa na bomu. Kisha akanitazama. "Lakini wa kwako yu hai, bibi. Kwa nini unaongea na ubao?"

Nilikasirika sana. Nikainuka nikaiacha chai nusu, na unajua mimi kuacha chai ya bure ni ugonjwa.

Basi nimekutoa kwa yule nesi, anayerudi kwao, na Naomi kalipwa. Nilimpa masharti: usitundikwe karibu na moshi. Mgeni asiyevua kofia asikuone. Akiulizwa huyu ni nani, ataje jina lako, asiseme "mama mmoja wa Afrika". Akayakubali yote. Nikakufunga kwa kanga yangu mpya, bega lako lisipigwe baridi huko kwao. Naomi akaniuliza, "Bibi, kweli?" Nikamwambia nenda kateremshe brashi zako. Amezishusha. Na Yona, yuleyule aliyetaka kufungia rangi, sasa bandari yote inajua binti yake amevuka bahari kabla hajapanda meli.

Usinung'unike eti umetolewa bila kuulizwa. Mimi ndiye mkubwa. Naomi amepata rangi mpya, na amekutengea nauli. Kaka yake Mama Shirini ana lori, litapita Ulemo baada ya kupalilia. Dereva atakufikisha Manyoni, na Naomi atakuwa pale stesheni mpande gari moshi pamoja, kwa hiyo usinianzie habari za kuogopa moshi na filimbi. Ubebe unga wa uwele, mlenda mkavu na asali kidogo. Kaniki ile iache.

Msalimie shemeji Elia, mwalimu wetu wa kanisa, mwambie bado nasali ingawa wanaimba haraka mno huku. Msalimie mkwe wako Raheli, yeye ndiye atakayebaki na ng'ombe, na ole wake amwache bila maji. Na jirani yako Bi Mwajuma, mwambie ungo wake niliondoka nao kwa makosa, utarudi nao wewe.

Jumamosi iliyopita nilikwenda nikakaa palepale. Msumari wako upo, Naomi hataki kuutundikia kitu kingine. Nikanywa chai nikitazama chokaa. Muda wote ule nimekaa mbele yako, Rebeka, na hukuniamkia hata mara moja.

Njoo uniamkie.

Mkubwa wako,
Damari