Kijiji cha Mti Uliokatwa

Dada Mwanaidi, hujambo?

Huku Sydney korona imetufungia ndani na baridi inatafuna mifupa. Jirani yangu Mfilipino hunipitishia tambi juu ya ua, barakoa kidevuni, pamoja na umbea wa kwao. Kijiji chao kilikuwa na jina la mti mkubwa wa pale kisimani. Akaja diwani, akaukata, akakipachika kijiji jina la babake, ambaye hata kukanyaga pale hakuwahi!

"Na nyie mnakiitaje, shoga?" nikamuuliza.

"Kwa jina la mti wetu. Kibao cha jina alichokisimika diwani, mbuzi wanajikunia mgongo."

Basi mwambie Ami, huyo nduguye Baba aliyekula shamba la marehemu, kwamba jina lake yeye tumemwandikisha mwanangu kama alivyoamuru. Nyumbani tunamwita Selemani, kama Baba.

Mipaka ikifunguliwa nitamleta umpakate.

Mdogo wako, Zuhura