Bac ya Mama Véro

Siku ya jeudi, magharibi.

Na kusema hakuna mwenye aliiba, hakuna mwenye alilala! Machine ya kusaga ilisimama tu, bunga ya muhindi iko, mifuko ya kuitia haiko.

Mapatano yetu na Mama Véro wa Kipushi, mwenye kutushoneaka mifuko, iko moya: bac, ile sanduku ya plastiki, ikifika kwake tupu, ashone, aijaze mifuko, aitume. Isipofika tupu, asishone. Ni vile hatulundikake mifuko kwa depot, gala yetu. Mimi ndiye nilimubembeleza patron akubali.

Leo nikamupigia simu. Akajibu bila wasiwasi: "Bac ilikuya na bunga ndani, papa. Nikasema munanikumbuka tu. Aksanti sana."

Bunga! Nikamutafuta Papa Ramazani, magasinier wetu, mwenye kuchungaka depot. Hakukatala.

"Ule mama anatutumiaka kazi muzuri. Nitamurudishia chombo tupu namna gani, chef? Nitasikia haya."

"Lakini tupu ndiyo commande, ndiyo inamuambia ashone, Papa!"

Akaniangalia kama muntu mwenye hakulelewa.

Sasa patron anasema tutarudia kununua mifuko mingi pamoja, depot ijae. Mama Véro atabakia bila kazi, juu ya zawadi. Kesho nitamuomba patron tena, lakini sijui kama...

Kufika nyumbani, nikakuta sahani ya jirani kwa meza, imeoshwa. Nikamuambia bibi yangu, mama wa watoto wangu, airudishe basi, inatuzibia nafasi.

"Irudi vile, tupu? Ngoja sombe iive, tuwatilie ndani."

Nikavua viatu, nikaenda kumusaidia kutwanga ile majani ya muhogo.